Talkini ya Mpiga Besi

Binti yangu amepata kichaa cha besi. Si gitaa la kawaida, lile la nyuzi sita ambalo kila kijana anataka kupigwa nalo picha. Besi, la nyuzi nne nene, ambalo ukumbini hakuna anayelitazama mpaka linyamaze, ndipo watu wanageuka kuulizana kumetokea nini. Mwezi uliopita alinikokota mpaka duka moja la vyombo vya muziki hapa Dar es Salaam. Akashika moja, akashika la pili, akamwomba muuzaji ampe spika ayajaribu yote mawili. "Mama, sikiliza, uniambie lipi." Nikageukia ukuta ili nisiyaone. La kwanza sikupata la kusema juu yake. La pili lilikuwa limekaa siku nyingi bila kuguswa, nyuzi zake zimechoka, na binti yangu alipolipiga kitu kilinipanda kutoka magotini mpaka kwenye taya. Nikasema la pili, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za duka nikalia mbele ya watu wasionijua.

Muuzaji akamwuliza binti yangu kama mama yake ni mpigaji. Akamjibu, "Mama? Mama hata redio hawashi." Ni kweli, siwashi. Sijawahi kumwambia kwa nini, na sijui kama nitamwambia. Nawaambia ninyi wa rika langu, mnaokumbuka nyumba ya matanga ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kuwapelekea wenzao picha za kaburi kwa simu.

Baba yangu alizaliwa Jibondo, kisiwa kikavu ambako maji ya kunywa yaliletwa kwa chombo, na ambako mtoto wa kiume hushika patasi kabla hajajua kufunga msuli. Alihamia Kilindoni alipomwoa mama. Siku za kazi alitengeneza milango, vitanda na makabati. Siku za harusi alikuwa mpiga besi wa kikundi cha taarabu cha pale mjini, na kwa kuwa kwetu Mafia watu huoana sana, alikuwa mtu wa shughuli nyingi.

Nyumbani kulikuwa na magitaa mawili. Moja lilikuwa mali ya kikundi, limetoka dukani, jeusi, linang'aa mpaka unauona uso wako, na shingoni lina vyuma vyembamba vilivyopangwa kama vidato vya ngazi. La pili alilitengeneza baba mwenyewe. Alililaza lile jeusi juu ya ubao, akalifuatisha kwa penseli, akakata. Kiwiliwili kilikuwa cha mfenesi, kipande kilichobaki kwenye jahazi alilokuwa akiliunda kaka yake huko Jibondo. Shingo ilikuwa ya mninga. Sumaku za kunasa sauti na vya kukazia nyuzi alivitoa kwenye gitaa bovu, na nyuzi zenyewe zilikuwa zile kuukuu zinazovuliwa kwenye jeusi kila linapovishwa mpya. Vile vyuma vya shingoni hakuvipata popote, basi akaiacha shingo tupu na laini, akaisugua kwa mafuta ya nazi. Mama aliliita gitaa hilo mke mwenzake. Baba akichelewa kuja kula, mama alipaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie mke mwenzangu leo zamu yangu!"

Spika za kikundi zilikaa kwa kiongozi wao, na besi bila spika ni mnong'ono tu. Kwa hiyo baba alikuwa na hila yake ya kufanyia mazoezi nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo, akapiga. Mti ulipokea, na kabati zima likatoa sauti. Mimi nilikuwa nakaa humo ndani. Nilijipenyeza chini ya nguo za mama zilizotundikwa, kwenye harufu ya udi na karafuu maiti, nikavuta mlango, na muziki ukanizunguka pande zote gizani.

Humo ndimo nilimojifunza kwamba besi mbili zinaweza kupiga wimbo mmoja na zisiseme jambo moja. Jeusi lilisema waziwazi. Kila sauti ilianza na kuishia mahali pake, na baba akihama kutoka moja kwenda nyingine nilisikia hatua, kwa sababu ya vile vyuma. Lilinigonga kifuani na kwenye meno. Lilikuwa na huruma kwa mpigaji pia, maana ukibonyeza popote nyuma ya chuma sauti inatoka sawa, hata kama hujui unachokifanya. La mfenesi halikuwa na huruma hiyo. Kidole kikikosea kwa upana wa punje ya mchele, sauti inachacha. Lakini kikikaa sawasawa sauti haigongi, inaingia. Ilianzia chini ya kitovu ikapanda polepole, na mwisho wake ilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Tena lilikuwa linateleza. Kulikuwa na wimbo wa kumtoa bibi harusi ambao baba aliutilia besi yake mwenyewe, na wimbo huo hakuupiga kwa jeusi hata siku moja. Alipofika mwisho, badala ya kusimama, aliburuta kidole kutoka juu ya shingo mpaka chini kabisa, sauti ikateremka bila kidato, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani wanampigia bibi harusi.

"Lipi hili?" aliuliza kutoka nje ya kabati.

"La mfenesi!"

"Na hili?"

"Jeusi!"

"Mwongo, umechungulia."

"Wallahi sijachungulia, baba. Limenigonga meno."

Alicheka. Sikukosea hata mara moja, nalo lilikuwa jambo pekee duniani nililolijua kuliko watoto wengine. Hesabu zilinishinda, na kuruka kamba pia.

Baba alianza kuumwa tumbo Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Nasema tukamzika, lakini kwetu wanawake na watoto wa kike hawaendi makaburini. Tulibaki na kilio, wanaume wakaenda na jeneza. Jioni wavulana wa chuoni wakanisimulia: Maalim wetu, yule yule aliyetufundisha Kurani, alikaa upande wa kichwa cha kaburi akamsomea baba talkini. "Anamfundisha majibu," wakasema. "Malaika wakija kumwuliza Mola wako nani, asije akasahau." Mwenzangu yeyote aliyepita chuoni anajua talkini ni nini. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane, na niliyachukua maneno yale kama yalivyokuja. Kumbe maiti husahau, na kumbe hufundishwa.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kile kile chenye kitanda na kabati. Kioo cha kabati kilifunikwa shuka, redio ikafungiwa, manukato yakatolewa. Shangazi Zuhura, dada yake baba, alihama kwake Baleni akaja kukaa na mama, kama ilivyo ada. Magitaa yote mawili yalibaki pembeni mwa kabati. Babu Kombo, kiongozi wa kikundi, alisema si adabu kuwahi kuondoa vitu vya marehemu, watakuja kulichukua jeusi baadaye.

Shangazi alikuwa na shamba la mihogo Baleni, na arobaini ilipopita akaanza kwenda kulitazama mara mbili kwa wiki. Siku moja kati ya hizo nilirudi kutoka chuoni alasiri, jua kali, nikapita uchochoro wa nyuma ya nyumba. Nilipofika chini ya dirisha la mama nikasimama. Niliweka kiganja ukutani, kisha shavu.

Kabati lilikuwa linapigwa. Lilikuwa gitaa la mfenesi, na wimbo ulikuwa ule wa kumtoa bibi harusi.

Sikuogopa. Nilifurahi. Nilikaa kwenye mchanga wa moto, mgongo ukutani, nikamsikiliza baba yangu. Niliona ni jambo la kawaida kabisa. Mama amelala, yeye amekuja kumpigia, na hanihitaji niingie kabatini kwa kuwa najua mwenyewe pa kusikilizia.

Kisha akakosea. Sauti ikachacha, akasimama, akarudia. Akachachusha tena. Baba hakuwahi kuchachusha. Alikuwa akitafuta mahali pa kidole kama mtu anayepapasa kiatu chini ya kitanda, na kila akikipata alikipoteza tena. Nikagonga mlango wa mbele, kabati likanyamaza hapo hapo. Mama alikawia kuja kufungua, kanga imemkaa upande, akifikicha macho.

"Nilikuwa nimelala, mwanangu."

"Hujasikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Hakuna kitu."

Aliponipa chakula niliona ncha za vidole vya mkono wake wa kushoto zimekuwa nyekundu, moja imetoka lengelenge. Mama alikuwa akisuka ukili wa mikeka kupitisha siku za eda, nikajua ni ukili. Niliogopa zaidi juu ya vidole vya baba. Niliwaza vimekufa ganzi kwa baridi ya udongo, ndiyo maana havijui tena pa kwenda.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, kila shangazi alipokwenda Baleni. Nami nikawa natoroka chuoni mapema, nakaa uchochoroni, kiganja ukutani. Alikuwa akiendelea. Vipande vilivyokuwa vimechacha vilinyooka, akaongeza vingine. Lakini alipofika karibu na mwisho, pale anapopaswa kuburuta kidole ateremke, alisimama. Kila mara hapo hapo. Hakujaribu wala hakukosea, alinyamaza tu, na baada ya muda akaanza tena mwanzo wa wimbo.

Kimya kile kilinitia hofu ambayo muziki wenyewe haukunitia. Kilianza kunifuata. Nikiwa nasoma Kurani, aya ikikaribia mwisho, nilihisi ulimi unasimama. Nikimwona mama ameketi chumbani na shuka nyeupe ya kioo nyuma yake, nilijua kuna mtu amesimama nyuma ya shuka ile ukingoni mwa kitu, anataka kuteremka na hajui njia. Kula kukanishinda. Shangazi akaninywesha dawa ya minyoo.

Mwisho nikamwendea Maalim, siku moja wenzangu walipokwisha kutawanyika.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujaenda kwenu?"

"Nataka umsomee baba talkini tena."

"Talkini husomwa mara moja, siku ya kuzikwa."

"Basi hakuishika. Amesahau."

"Amesahau nini?"

"Besi."

Maalim alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Akaniuliza nimejuaje, nikamweleza yote: dirisha, kabati, mahali anaposimama. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Shangazi yako huwa wapi wakati huo?"

"Baleni."

"Na mama?"

"Amelala."

Alizungusha tasbihi mkononi bila kuihesabu. "Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Vizuri. Usimwambie mtu. Na baba yako mwombee dua, inamfikia. Hana haja ya besi aliko."

Lau ningemsikiliza. Lakini niliondoka pale nikiwaza kwamba Maalim amekataa kwa sababu yeye besi haijui, na mtu hawezi kufundisha asichokijua. Nikafikiri nani anaijua. Nikaenda moja kwa moja kwa Babu Kombo.

Babu Kombo alikuwa kinyozi. Naona hapo sihitaji kueleza zaidi. Nilimkuta amemshika mteja kichwa, wengine watatu wanangoja kwenye benchi, na nilimwambia mbele yao wote kwamba baba anarudi nyumbani kupiga besi lakini mwisho wa wimbo umempotea, je, yeye anaweza kuja kumwonyesha. Mkasi ulisimama hewani. Mpaka adhana ya magharibi Kilindoni nzima ilikuwa na habari, na wanachama wa kikundi walikuwa wamekwisha kuapa kwamba hawaligusi gitaa lolote la nyumba ile mpaka ijulikane ni lipi lenye mambo.

Kesho yake mchana wakaja. Maalim aliitwa, naye akaja akinitazama kwa huzuni, si kwa hasira. Babu Kombo alikuja na wanachama wawili. Waliketi kwenye ukumbi wa mbele. Mama, kwa kuwa ni wa edani na wale ni wanaume wa nje, alibaki chumbani nyuma ya pazia.

"Sisi hatuna neno na mtu," alisema Babu Kombo. "Marehemu alikuwa ndugu yetu. Ila vijana wanaogopa, Maalim, na harusi zinatungoja. Kama ni hili letu, tutalitupa. Kama ni lile lake, tulichukue letu twende zetu."

"Maiti harudi," akasema Maalim. "Hilo tulifunge kabisa. Kama kinachosikika kinasikika kweli, basi ni mtu au ni jini."

Nakumbuka nzi alitembea juu ya meza, na wanaume wote wanne wakamtazama yeye.

"Jini," akasema Shangazi Zuhura. Alilitoa neno lile haraka, kwa sauti kubwa. "Ni jini, Maalim. Humu ndani mtu hayumo. Kaka yangu mwenyewe aliniambia, ubao wa gitaa lake ulitoka Ras Kisimani, kwenye yale magofu ya kale wanamokaa hao."

"Ulitoka Jibondo," nikasema. "Kwenye jahazi la Baba Mkubwa."

Shangazi alinifinya bega mpaka machozi yakanitoka. "Mtoto hajui. Ras Kisimani."

"Basi asikilize," akasema Babu Kombo. "Si ndiye aliyesikia? Atuambie ni lipi."

Wakanitoa nje, wakafunga mlango mkubwa wa mbele, kazi ya mikono ya baba. Wakaegemeza gitaa la kwanza upande wa ndani wa ule mlango, nami nikaweka viganja upande wa nje. Babu Kombo alikuwa mpiga kinanda, besi alikuwa akibahatisha. Likanigonga meno. Nikajua ni jeusi. Kisha la pili. Vidole vyake vilichachusha kila mahali kwenye ile shingo tupu, lakini sauti iliingia ilikokuwa ikiingia siku zote, chini ya kitovu, na mwisho wake ule mkwaruzo.

Wakanifungulia mlango. "Lipi?"

Nilitaka kusema uongo. Nilijua nikisema la kwanza, la mfenesi litabaki, na baba atakuwa na cha kupiga. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nikatazama chini ya pazia nikaiona miguu ya mama. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, vimeng'ang'ania sakafu ya saruji. Mama yangu anaogopa, nikawaza. Miezi yote hii analala chumba kimoja na kitu kile na leo ndiyo amejua. Nikasema kweli ili nimwokoe mama.

"La pili. La mfenesi."

Babu Kombo alishusha pumzi. Maalim aliinamisha kichwa. Shangazi Zuhura aliingia chumbani, akatoka na shuka, ile ile iliyokuwa imefunika kioo, akalilaza gitaa juu ya mkeka akaliviringisha. Alilifunga kwa vitambaa mahali patatu: kichwani, katikati, na chini. Kila aliyekuwa pale alijua kinachofungwa mahali patatu ni nini. Wanachama wawili wakalibeba, mmoja huku na mmoja huku, wakalipeleka kwa mtumbwi mpaka Ras Kisimani, na waliporudi walisema wameliacha kwenye magofu na hawakugeuka nyuma.

Baada ya siku ile kabati halikupigwa tena. Shangazi aliendelea kwenda Baleni, nami nikaendelea kukaa uchochoroni, kiganja ukutani, mpaka ukuta ukanichosha. Nilijua nilichokifanya. Baba alikuja kwetu kwa jambo dogo, kukumbushwa mwisho wa wimbo, nami nikamtolea watu wakamfukuza. Nilikua na jambo hilo. Kwenye harusi za wenzangu, besi ikianza, nilitoka nje. Niliolewa bila muziki, watu wakamsifu mume wangu kwa uchamungu, maskini, yeye hakuwa na habari.

Nilikuwa na binti yangu mgongoni nilipomrudia mama Kilindoni kumtazama, wakati macho yake yameanza kuingia ukungu. Alikuwa ukumbini anasuka ukili kwa kupapasa, chai ipo mbele yetu. Nyumba ya tatu kulikuwa na harusi, na wale wa kikundi walikuwa wakijaribu spika zao. Besi ilipoingia nikainuka nikafunge dirisha.

"Liache," akasema mama. "Unakimbia nini siku zote?"

Sijui kwa nini nilisema siku ile. Labda kwa kuwa hakuwa akiniona vizuri. "Nilimfukuza baba," nikasema, na sauti yangu ikawa ya mtoto wa miaka minane. "Alikuwa anakuja, mimi nikawaambia watu."

Ukili ukasimama.

"Mwanangu," akasema. "Miaka yote hii? Baba yako hakwenda popote wala hakurudi, Mungu amrehemu. Aliyekuwa akipiga ni mimi."

Nilimtazama vidole.

"Siku arobaini hazijaisha nilikuwa nimeanza kumsahau," akasema. "Uso ninao, sauti imenitoka. Nikasema nijaribu mkono wake ulikokuwa ukipita. Nikikosea nalia, nikipatia nalia. Na mjane wa edani akionekana ameshika gitaa la harusi, mume wake hata miezi minne hana, ataitwaje? Na wewe ungeitwa mtoto wa nani?"

"Shangazi alijua?"

"Zuhura ndiye aliyekuwa akinipaka mafuta vidoleni. Unadhani mihogo ya Baleni ilikuwa ikitaka kutazamwa mara mbili kwa wiki? Alikuwa ananipisha. Siku ile akasema heri jini, jini hana jina la kuchafuliwa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na Maalim?"

"Maalim alikuwa mtu mzima."

Nilimwomba radhi. Nililia kwa namna ambayo mtoto mgongoni aliamka akalia pamoja nami, na mama akanyoosha mikono nimpe mjukuu. Alimpakata, akambembeleza, mpaka akatulia. Kisha akasema, kama anayeomba chumvi:

"Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu. Pale anapoteremka. Nilikuwa nimekiacha mpaka niwe tayari, nisikiharibu. Nimetaka kukuuliza tangu wakati ule, wewe ndiye uliyekuwa na sikio, lakini kukuuliza kungekuwa kukwambia. Sasa umejua. Niimbie. Nimsikie mara moja."

Nikafumba macho, nikaurudia wimbo wa baba kwa mdomo uliofungwa, tangu mwanzo. Ulikuja wote, laini, mpole, mahali pa kusita nikasita na mahali pa kurudia nikarudia, na nilikuwa nimekwisha kwenda mbali kabla sijatambua ninachokiimba. Baba hakuwa akisita. Niliupapasa wa baba, ule wa gizani kabatini, na haukuwepo. Miezi ile ya uchochoroni ilikuwa imemfuta, nikabaki na wa mama, na makosa yake yote. Nikafika pale ambapo kabati lilikuwa likinyamaza, nikanyamaza.

Mama alingoja. Alikuwa ameuelekeza uso wake kwangu, mkono wake wa kushoto umetanda juu ya mgongo wa mtoto, kidole kimoja kimeinuka tayari kuteremka. Alingoja mpaka chai ikapoa, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa.